Asiyekuwapo na Lake Halipo: Upimaji Ardhi Wahitaji Wazee, Vijana na Mabinti Zetu

Likizo za kiangazi zikikaribia, simu kutoka Muscat, Dubai, Doha na hata London huongezeka huku Pwani. Watu huulizia hali za wazee, huulizia harusi, na mwisho huulizia ardhi. Kile kiwanja cha Malindi kipo salama? Shamba la marehemu babu lishapimwa? Jirani bado anasogeza ua? Familia nyingi zetu zina kipande cha ardhi mahali, kikubwa au kidogo, na wenye kipande hicho wametawanyika dunia nzima.

Nimesomesha hesabu na jiografia miaka mingi, na baadhi ya wanafunzi wangu waliishia kuwa wapima ardhi, hawa tunaowaita masorveya. Kutoka kwao, na kutoka kwa kesi za ardhi ambazo mitaani kwetu haziishi, nimeliamini jambo moja: mpaka huwa wa haki pale tu ambapo wote wanaoujua wamesikilizwa. Kazi hii ikibaki mikononi mwa watu wa umri mmoja, jinsia moja na jamii moja, kuna watakaosahauliwa. Na wazazi wenzangu, msidhani watakaosahauliwa watakuwa wa mbali. Wengine watatoka ndani ya nyumba zetu.

Mahali pamoja, namba mbili

Mlioko Oman mnaijua krooki, ile karatasi yenye mchoro wa kiwanja inayokwenda pamoja na mulkiya. Huku Kenya na Tanzania tuna ramani ya upimaji na hatimiliki. Kazi ya sorveya ni kuhakikisha mchoro wa kwenye karatasi na yale mawe ya ardhini, yaani bikoni, vinasema kitu kimoja. Zamani alitumia mnyororo wa futi 66 na tiodolaiti ya kupimia pembe. Leo anabeba kipokezi cha setilaiti ambacho, kikitumiwa vizuri, humpa mahali kwa usahihi wa sentimita chache. Na nitahadharishe hapa hapa: simu yako si kifaa hicho. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na mita kadhaa kwenye kiwanja cha mjini ni chumba kizima cha jirani.

Vijana wakishika mtambo huo husema wazee wamepitwa na wakati. Hebu tusubiri kidogo. Kwa miaka mingi ramani rasmi za Kenya, Uganda na Tanzania zilijengwa juu ya mfumo wa vipimo unaoitwa Arc 1960. GPS inatumia mfumo mwingine, WGS84. Mifumo hii miwili haianzi kuhesabu mahali pamoja. Ukichukua majiranukta ya bikoni kutoka ramani ya zamani, ukayatia katika kipokezi bila kuyageuza, utajikuta umesimama takriban mita 300 mbali na bikoni yenyewe. Hizo ni kama viwanja vitatu vya mpira kwa urefu. Huo ni mtaa mwingine kabisa! Na Kenya kuna ramani za zamani zaidi, zilizochorwa kwa futi katika mfumo wa Cassini.

Kijana aliyesoma vizuri anajua kuigeuza hesabu hiyo kwenye kompyuta kwa dakika chache, kazi ambayo zamani ilimkalisha mtu mezani siku nzima na vitabu vya logi. Lakini kwanza lazima ajue ramani iliyo mbele yake ni ya mfumo upi. Sorveya mzee anajua. Anajua pia bikoni ipi ilifukiwa barabara ilipopanuliwa, na ipi iling'olewa ikarudishwa kwa kukisia. Mambo hayo hayako kwenye programu yoyote. Mzee akistaafu bila kijana wa kumwachia, hakuna wa kumwuliza tena.

Wapima wenyewe duniani wameliona hili. Shirikisho lao la kimataifa, FIG, lilianzishwa Paris mwaka 1878. Sasa lina mtandao maalumu wa wapima vijana wa hadi miaka 35, ili wasingoje mvi ndipo wapewe nafasi ya kusema. Huko ndiko kushirikisha vizazi: kijana kuwa na kiti mezani, na mzee kutofukuzwa kwenye meza hiyo.

Mnazi unaonekana, mwenyewe haonekani

Kabla ya bikoni za saruji mipaka ya mashamba yetu ilikuwa mibono iliyopandwa kwa mstari, mwembe mkubwa, kisima, njia ya kuendea msikitini. Kuna jambo jingine ambalo mgeni hulishangaa. Katika mila za Unguja, Pemba na sehemu za Pwani, ardhi inaweza kuwa ya mtu huyu na miti iliyo juu yake ikawa ya mtu yule. Droni ikipita angani itauona kila mnazi, hata kivuli chake. Haitaona mnazi huo ni wa nani. Hilo analijua bibi kizee aliyekaa barazani, na mara nyingi hakuna aliyemwuliza.

Huko Oman mna mfano mzuri wa elimu ya namna hii katika falaj. Maji ya falaj hugawanywa kwa zamu, na wazee walizipima zamu hizo kwa kivuli cha jua mchana na kwa kuchomoza kwa nyota usiku. Aflaj tano za Oman zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Mhandisi anaweza kupima maji mangapi yanapita kwenye mfereji. Nani ana haki ya maji hayo, na kwa muda gani, ni elimu iliyohifadhiwa na watu. Penye wazee haliharibiki neno, lakini lazima wazee hao waitwe penye neno.

Binti wa marehemu yuko wapi?

Sasa nije kwenye lile linalotuuma. Siku ya kupima shamba la mirathi, wanaotembea mpakani huwa ni kina nani? Kaka, ami, jirani mwanamume, mzee wa mtaa, na sorveya ambaye mara nyingi naye ni mwanamume. Binti wa marehemu yuko jikoni anapika chakula cha wageni. Ndoa yake labda imempeleka Salalah au Sharjah, na hata habari hana. Fungu lake sheria ya dini inalijua vizuri, lakini kwenye ramani halionekani. Baada ya miaka 20 watoto wake wakiuliza, wanaambiwa shamba lilikuwa la wajomba tu.

Sheria za nchi hazina kisingizio hapa. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka kuondoa ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi kuwa miongoni mwa misingi yake. Lakini sheria haitembei mpakani. Anayetembea ni mtu.

Ndiyo maana nasema tunahitaji masorveya wanawake, na si kwa ajili ya kupamba picha za ofisi. Mwanamke akija na mtambo wake anaweza kuingia uani, akaketi na wajane na mabinti, akaambiwa yale ambayo hayasemwi mbele ya wanaume wageni: kwamba marehemu alimpa dada yake ile pembe yenye mikorosho, kwamba choo cha nyumba kiko upande wa jirani kwa makubaliano ya zamani. Maneno hayo yakikosekana leo, kesho yanakuwa kesi.

Uingereza waliyaona haya kitambo. Sheria ya mwaka 1919 ndiyo iliyowafungulia wanawake mlango wa fani nyingi, na mwaka 1922 Irene Barclay akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kufuzu rasmi katika fani ya masorveya. Yeye alishughulika zaidi na majengo kuliko mashamba. Aliingia nyumba kwa nyumba katika mitaa ya maskini ya London, kama Somers Town, akaandika hali za familia zilizobanana humo, na taarifa zake zikasaidia watu kujengewa makazi ya heshima. Hata hivyo safari ilikuwa ndefu. FIG niliyoitaja ilingoja mpaka mwaka 2015 kuongozwa na rais mwanamke, Chryssy Potsiou wa Ugiriki. Hesabu wenyewe: kutoka 1878 ni miaka 137. Mwaka 2023 ikaanza kuongozwa na rais mwanamke tena, Diane Dumashie wa Uingereza.

Somo la mwaka 1908

Kuna jambo ambalo sisi wenye asili ya Kiarabu hatupendi sana kulizungumza, ila bila hilo makala haya yatakuwa nusu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa Pwani ya Kenya, ule ukanda wa maili 10 uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar na kusimamiwa na Waingereza tangu 1895. Kila aliyedai ardhi alitakiwa afike kwa msajili na ushahidi wake. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali.

Familia za mjini zilizokuwa na karatasi, au zilizojua njia za kwenda ofisini, nyingi zilidai na zikapata. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilijulikana kwa ukoo na kwa kulima, si kwa hati, hawakuingia katika daftari hilo. Wajukuu zao mpaka leo huitwa maskwota kwenye udongo walipozikwa babu zao. Ugomvi mwingi wa ardhi tunaouona Pwani una mizizi hapo.

Silisemi hili kumlaumu mtu aliye kaburini. Nalisema kwa sababu ni ushahidi wa wazi wa nini hutokea upimaji ukifanywa na wachache kwa lugha ya wachache. Asiyekuwapo na lake halipo. Leo pia, gari la wapima likiingia kijijini na ndani yake hamna hata mmoja anayejua lugha na mila za hapo, wanakijiji huogopa, na wana sababu. Fani hii inahitaji Mgiriama na Mdigo, Mpemba na Mbajuni, Mwarabu na Msukuma. Watoto wetu wawemo, lakini wawemo pamoja na wenzao. Hata kiwanja chako wewe uliyeko Muscat kina amani zaidi ikiwa jirani naye amepimiwa chake kwa haki.

Kazi si ya kubeba mnyororo tena

Wazazi wengi wetu wakisikia sorveya wanaona mtu wa juani, buti za matope, nyoka porini. Wanataka daktari, rubani, mhasibu. Nawaelewa. Lakini kazi imebadilika sana. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha za Unguja na Pemba nzima kwa ndege ndogo zisizo na rubani, zenye uzito usiofika kilo moja. Walioshiriki kuzirusha walikuwa vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, pamoja na watumishi wa Kamisheni ya Ardhi, na miongoni mwao walikuwemo mabinti wenye buibui na mitandio yao. Visiwa vile kwa pamoja vina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 2,460. Dar es Salaam nako, kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakaazi wa mitaa inayofurika walichora ramani za mitaro na nyumba zao wenyewe.

Mpango kama huu unafungua nafasi kwa watu ambao zamani wasingepata kazi. Picha zikishapigwa, kuna miezi ya kuchora mipaka, nyumba na barabara kwenye kompyuta. Kijana asiyeweza kupanda mlima kwa ulemavu wa miguu anaifanya kazi hiyo sawasawa na mwingine. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuifanya akiwa nyumbani. Na mzee aliyestaafu anaweza kukaa kando akisema, "Hapo pana kosa, mpaka unapita nyuma ya kisima."

Tufanye nini, basi?

La kwanza, mtoto mwenye kupenda hesabu na jiografia, wa kike au wa kiume, msimcheke akitaja kazi hii. Vyuo vipo: Chuo Kikuu Ardhi kule Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi, na vinginevyo.

La pili, miongoni mwenu huko Ghuba wamo wazee waliofanya kazi katika ofisi za ardhi na ramani kabla ya kuhama au baada ya kuhama. Wazee hao wana hazina. Wakae na vijana kwa simu ya video, wawaonyeshe ramani za zamani zilivyosomwa. Hilo halihitaji bajeti wala kamati.

La tatu, mkipanga kupima ardhi ya familia, mwulizeni sorveya nani atakuwa kwenye kikosi chake, na ramani ya zamani ya hapo ni ya mfumo gani. Waiteni majirani wa pande zote. Na kabla mtu hajashika mtambo, muwe mmewauliza mabinti wote wa marehemu, walio karibu na walio mbali, wanajua nini na wanadai nini. Yaandikwe, wasome, watie saini.

Dini yetu imeonya vikali kuhusu kudhulumu ardhi, hata iwe shibri moja. Shibri haipimwi na setilaiti. Yule bibi kizee wa barazani anaijua ilipo, na hatakaa barazani milele. Apelekewe kiti mpakani, na binti mwenye kipokezi asimame karibu yake amsikilize.