Lubumbashi: Kuku wakikoroma usiku, dawa si jambo la kwanza

Katika malupangu ya Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, kuku wachache nyuma ya nyumba ni akiba ya jamaa. Wanauzwa minervali ya watoto inapodaiwa, wanachinjwa mgeni anapofika. Ndiyo sababu sauti moja inaogopesha sana, hasa kuanzia mwezi wa 6, wakati baridi ya usiku inapokutana na vumbi nyekundu ya kiangazi: kuku anakoroma, anapiga chafya, ananyoosha shingo na kufungua mdomo ili avute hewa.

Wengi wanakimbilia dawa. Wengine wanafungua kapsuli za tetrasiklini za watu na kumwaga unga wake ndani ya maji ya kunywa. Mara kuku wanapona, mara wanakwisha wote, kwa sababu mkoromo uleule unaletwa na magonjwa mbalimbali, na antibiotiki haiui virusi.

Kabla ya kununua chochote, mfugaji atazame mwendo wa ugonjwa. Kama kuku wanakufa wengi ndani ya siku chache, wanahara kijani, shingo inajipinda au miguu na mabawa vinalegea, hiyo inafanana na Newcastle. Ugonjwa huo unaweza kumaliza karibu banda zima lisilochanjwa, na hauna dawa. Mikoplazma, kinyume chake, haina haraka: majuma yanapita, kuku wanakohoa na kukonda, mayai yanapungua, lakini wachache tu wanakufa. Uso ukivimba na pua ikitoa uchafu wenye harufu mbaya, huenda ni korisa. Vifaranga wanaohema kwa mdomo wazi wanaweza kuwa na minyoo ndani ya koo, nayo inataka dawa ya minyoo. Na katika joto la mwezi wa 10, kuku anayehema mchana na kutulia jioni pengine hana ugonjwa wowote. Anataka kivuli na maji.

Kuna pia ugonjwa ambao watu wanautengeneza wenyewe. Kwa kuogopa baridi na wezi, banda linafungwa kila upande, na mbabula ya makala inawekwa ndani kwa ajili ya vifaranga. Moshi unabaki humo pamoja na hewa kali ya mavi yaliyolowa. Kipimo ni rahisi: mtu akiinama hadi kwenye kimo cha kuku na macho yakamwasha, kuku wanaungua mapafu usiku kucha. Inafaa kutoa matandiko yaliyolowa, kuweka randa kavu kutoka kwa maseremala, na kuacha nafasi wazi juu ya ukuta ili hewa ipite bila kupiga kuku moja kwa moja.

Chanjo ya Newcastle ndiyo kinga, lakini Lubumbashi ina mitego yake. Chanjo nyingi zinataka baridi ya digrii 2 hadi 8, na kukatika kwa umeme wa SNEL kunaweza kuziharibu ndani ya friji bila mtu kujua. Aina iitwayo I-2, inayotiwa tone moja jichoni, inavumilia joto zaidi. Inarudiwa kila miezi 3 au 4. Zile zinazochanganywa na maji zina adui mwingine: klorini ya Regideso inaua chanjo. Maji ya kisima safi ni afadhali. Na kuku walio wagonjwa tayari hawachanjwi.

Kuku wapya kutoka sokoni, au waliovushwa Kasumbalesa, wakae peke yao majuma mawili. Mgonjwa atengwe mara moja, na mwenye kuhudumia aanze na wazima, amalize na wagonjwa.

Kinachosikitisha ni desturi ya kuuza haraka kuku walioanza kukoroma. Hasara ya lupangu moja inabebwa hadi soko zima. Waliokufa wazikwe kwa kina au wachomwe, si kutupwa kwenye mtaro. Vifo vya ghafla vya kuku wengi viarifiwe kwa idara ya mifugo, kwa maana homa ya ndege si habari ya mbali: mwaka 2017 aina ya H5N8 ilipatikana Ituri.

Munganga wa mifugo ataona zaidi akifungua kuku aliyekufa punde, kuliko akisimuliwa tu. Kuku huyo apelekwe siku ileile, ndani ya mifuko miwili iliyofungwa vizuri. Lubumbashi ina bahati hapo: Chuo Kikuu chake, UNILU, kina kitivo cha uganga wa mifugo. Na dawa ikiisha kuandikwa, mwenye kuku aulize ni siku ngapi zipite kabla ya mayai na nyama kuliwa tena.