Tuwakumbuke Wazee Wetu, Tuchambue Mahindi Yetu



Huku kwetu kanda ya kati ya Tanzania, mwezi wa Mei ni mwezi wa kutazama juu. Mahindi yamekomaa shambani na kila familia inaomba mvua isirudi. Ikirudi, mahindi hulowa yakiwa bado kwenye mabua, na nyumba nyingi huweka ghalani mavuno machache, mabichi na yenye madoa. Ndipo tunapowakumbuka wazee waliotutangulia. "Mzee angekuwepo," watu husema, "asingekubali tufungashe namna hii."

Maneno hayo tuliyasikia wodini kwetu msimu mmoja wa mavuno mabaya. Kijana mmoja alimleta mama yake, bibi wa miaka zaidi ya sabini. Macho yake yalikuwa ya njano, tumbo limevimba, na chakula hakikai. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mzee huyo ndiye aliyekuwa akiamua lini wavune, lini wapukuchue na lini wafunge magunia. Baada ya mazishi, vijana walivuna kwa haraka wakakimbilia kujaza magunia ili walipe madeni.

Tulimwuliza mkwewe bibi alikuwa akila nini. Alisita, kisha akasema: "Bibi alikuwa akichambua mahindi. Mazuri aliwapa wajukuu. Yale meusi alisaga ya kwake. Alisema chakula cha Mungu hakitupwi." Daktari alishuku sumu ya ukungu. Tulifanya tulichoweza, lakini bibi hatukuweza kumwokoa. Wajukuu wake ni wazima.

Sumu hiyo ni nini?

Siku hizi wataalamu wanaiita sumukuvu. Hutengenezwa na aina fulani za kuvu zinazoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine, hasa mmea ukipata ukame shambani au mazao yakihifadhiwa na unyevu. Sumu yenyewe haionekani kwa macho wala haina harufu. Kuchemsha ugali au makande hakuiondoi. Kuyapikia mahindi mabovu pombe ya arobaini hakuyafanyi kuwa salama. Ukimpa ng'ombe, sumu hupita hadi kwenye maziwa ambayo watoto watakunywa.

Si jambo dogo. Mwaka 2004, huko mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 yaliyotokea kwa majirani yakatufikia: katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua, na 20 wakafa. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ini, na hatari huzidi sana kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kwa hiyo msikose kuwapeleka watoto wachanga kliniki wapate chanjo zao zote.

Wazee walifanyaje?

Wengi wetu tuliwaona. Mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya meko, moshi na joto vikayakausha. Kichanja kilijengwa juu, mbali na udongo. Punje iliwekwa katikati ya meno: ikipasuka kwa mlio, imekauka, ikibonyea, irudi juani. Hawakulijua jina la sumukuvu, lakini unyevu waliufahamu kuwa adui. Sisi tuongeze tuliyojifunza:

1. Vuna mapema mahindi yakikomaa. Usiyaache shambani yangoje mvua.

2. Anika juu ya turubai, mkeka au kichanja, kamwe si juu ya udongo mtupu. Jioni yafunike.

3. Usipukuchue kwa kupiga gunia kwa fimbo. Punje iliyovunjika hushika ukungu upesi.

4. Pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi na vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani. Funga, tikisa vizuri, acha kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu.

5. Weka magunia juu ya mbao au chaga, mbali na ukuta, mahali pasipovuja.

6. Chambua kabla ya kupika au kusaga. Ondoa punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizovunjika. Kukoboa pia hupunguza sumu, ingawa hakuimalizi yote.

7. Zile mbovu zichomwe au zifukiwe. Zisipewe mifugo, wala zisiachiwe bibi na babu.

Jambo hili la mwisho tunalisisitiza. Mwaka wa njaa wazee wengi hujitolea bila kusema. Hula mwisho, hula kidogo, hula kibaya. Na aliyefiwa na mwenzake huwa haoni hata sababu ya kupika. Mketisheni kwenye sahani moja na watoto. Mwulizeni amelala vipi. Mwacheni amtaje marehemu, hata kama hadithi mmekwisha kuisikia. Akikosa hamu ya chakula kwa wiki kadhaa, akikonda au akisema heri afe, mleteni tumwone.

Macho yakiwa ya njano, tumbo au miguu ikivimba, au watu kadhaa wa nyumba moja wakitapika na kuumwa tumbo baada ya kula chakula kimoja, acheni chakula hicho mara moja na mwende hospitali. Chukueni kidogo cha unga huo. Hakuna dawa ya kuifuta sumu hii mwilini, lakini anayewahi tunaweza kumsaidia.

Mkwe wa yule bibi alitusimulia kwamba katika siku zake za mwisho bibi alimweleza jinsi mzee alivyokuwa akianika: siku ngapi, akigeuza mara ngapi. Mkwe alisema, "Alikuwa akijua yote. Hatukuwahi kumwuliza." Walikuwa wakimlilia mzee aliyekufa, na aliyefanya naye kazi hiyo miaka yote ameketi jikoni.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ikiwekwa mbichi, huoza. Mwaka huu, tunapowaombea marehemu wetu katika Misa, turudi nyumbani tukamwulize mzee aliyebaki: mlikuwa mkianikaje? Kisha tukae naye chini, tuchambue pamoja.