Kutoka Mulbadaw hadi Law School

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, wilayani Hanang, ilifungua shauri Mahakama Kuu ya Arusha pamoja na wanakijiji 67. Mdaiwa alikuwa NAFCO, shirika la umma lililoendesha kilimo cha ngano. Wanakijiji walilalamika kwamba shirika limeingia kwenye ardhi yao na kuharibu mali zao. Mradi huo wa ngano ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Canada, na ulipokomaa ulikuwa na mashamba saba katika uwanda wa Basotu, jumla yake takriban ekari 100,000. Kwa Wabarabaig, wafugaji wa eneo hilo, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa muhajega, malisho yao bora kuliko yote. Humo pia mlikuwa na bung'eda, makaburi ya wazee waliozikwa kwa heshima ya ukoo mzima. Trekta zikalima juu yake.

Mahakama Kuu iliwapa wanakijiji ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Ilisema halmashauri haikuthibitisha kwamba iligawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa kisheria, na wanakijiji nao hawakuthibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyokuwapo wakati ule. Jambo ambalo Hanang nzima ingelitolea ushahidi halikuwa limethibitishwa mahakamani.

Hukumu hiyo husomwa vyuoni kama historia ya siasa za ardhi, na inastahili. Lakini ina funzo jingine lisilotajwa sana, linalohusu kazi ya wakili. Haki ya mtu inaweza kupotea kwenye hati ya madai, kwenye uchaguzi wa mashahidi, au kwenye swali moja ambalo hakuna aliyekumbuka kumuuliza mzee aliyesimama kizimbani. Shahada ya sheria humfundisha kijana haki hiyo ni ipi. Namna ya kuifikisha salama mbele ya jaji ni elimu nyingine.

Elimu hiyo Tanzania inatolewa na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo kila mtu huiita Law School. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2008, kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha ikahamia majengo yake barabara ya Sam Nujoma. Kabla yake mhitimu alifanya kazi chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja, akasailiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, kisha akaapishwa. Sasa hana budi kupata stashahada ya uzamili ya taasisi hiyo: miezi ya darasani, kisha mafunzo ya vitendo mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Anasoma mwenendo wa mashauri ya madai na ya jinai, uandishi wa nyaraka, maadili, uhamishaji wa miliki na mirathi.

Uingereza imegawa kazi hii kati ya watu wawili: mmoja kwa kawaida hukaa ofisini akiandaa nyaraka na kumshauri mteja, mwingine husimama mahakamani. Kwetu wakili ni mmoja, na anayetundika kibao chake Katesh au Mbulu mjini atafanya yote. Asubuhi anashuhudia kiapo, mchana anaandika mkataba wa mauzo ya shamba, kesho yake yumo ndani ya basi kwenda Babati kwenye shauri la mauaji.

Ndiyo maana matokeo ya mitihani ya Law School ya Oktoba 2022 yalishtua nchi. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walipata sapu, yaani kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuchunguza kiini chake. Mitaani watu waligawanyika: wapo walioilaumu taasisi kwa ukatili, wapo walioona vyuo vikuu vinatoa wahitimu wasioiva.

Makala hii haitetei mtihani rahisi. Mkulima wa Dongobesh akimpata wakili asiyejua kwamba rufaa ina ukomo wa siku, atakayepoteza shamba ni huyo mkulima. Ila haitoshi kuinua kiwango na kumwacha mtoto wa mfugaji ajitafutie mwenyewe chumba, nauli na chakula jijini Dar es Salaam kwa muda wote wa masomo, baada ya familia kuuza ng'ombe kwa miaka kadhaa ili amalize shahada. Mwenye ndugu Sinza anaanza mbali mbele yake. Anayefeli kwa sababu hajui na anayefeli kwa sababu ameshinda na njaa wanaandikwa kwenye orodha moja.

Lugha nayo ni mzigo. Law School hufundisha kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mteja wa Mbulu huenda anaeleza shida yake kwa Kiiraqw, na bibi wa Kibarabaig anaieleza kwa Kidatoga. Kijana aliyekulia Bashay au Basotu anabeba ujuzi usiopatikana katika mtaala wowote, na hilo pekee lingetosha kuwa sababu ya kumsaidia amalize.

Kazi ya ofisini, ile isiyo na joho wala kelele, nayo imeshaonyesha nguvu yake huku. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000. Shirika la Ujamaa Community Resource Team lilishirikiana nao kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kupata hati ya namna hiyo kunahitaji mikutano ya vijiji, ramani, sheria ndogo na mihutasari iliyosainiwa ipasavyo. Kila karatasi ni kinga dhidi ya swali lililowaangusha watu wa Mulbadaw.

Hitaji la mawakili wilayani linazidi kukua. Marekebisho ya mwaka 2021 yameyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabaki na usuluhishi tu. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako taratibu ni kali zaidi. Mwaka huohuo mawakili waliruhusiwa kuingia mahakama ya mwanzo inayoendeshwa na hakimu mkazi, mahali ambapo mirathi nyingi za vijijini hufunguliwa. Baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023, yaliyoua watu 89 Katesh na vijiji vya jirani, familia zilizofiwa zilikuwa na mirathi ya kushughulikia huku nyumba na nyaraka vimefukiwa.

Wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 hufanya kazi kubwa ya ushauri na elimu vijijini, lakini hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Hapo anahitajika wakili, na kijana anayetaka kuwa wakili huyo leo lazima apite Sam Nujoma.