Futari ya Msafiri wa Ndege Kutoka Dar es Salaam Hadi Kigoma

Sifa zote njema ni za Allah. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ramadhani moja ndugu yetu wa hapa Rungwe Mpya alirejea kutoka Dar es Salaam. Alipanda ndege alasiri, akatua Kigoma jua bado likionekana. Jamaa zake wa Dar es Salaam wakampigia simu kuwa wameshafuturu. Naye, kwa kuwa kalenda yake ya Dar es Salaam ilionyesha magharibi imeingia, akala tende. Alipofika kwetu pakazuka ubishi msikitini: je, saumu yake imesihi?

Kwanza tuitazame safari yenyewe. Baina ya viwanja hivyo viwili, kwa njia ya anga, ni takriban kilomita 1,080, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa kiasi cha saa mbili. Masafa ya kasri ni maili 48 za Kihashimi, ambazo wengi huzikadiria baina ya kilomita 80 na 90. Basi huyu ni msafiri bila shaka, ijapokuwa safari ni fupi kwa saa. Imam Nawawi katika Minhaj amebainisha kuwa mwenye kuyakata masafa hayo baharini kwa saa moja naye hupunguza Sala. Kinachozingatiwa ni masafa, si muda.

Ama futari, hukumu yake haifuati masafa wala saa ya mkononi, bali jua. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani kila uzi mmoja ni dakika 4. Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi 9 na nusu, hivyo jua huchelewa kuzama huko kwa dakika 38 hivi, kukiwa na tofauti ndogo kwa misimu. Likizama Dar es Salaam saa 12:30 jioni, Kigoma huzama karibu saa 1:08. Saa za nchi ni moja, lakini magharibi ni mbili.

Allah ameamrisha saumu itimizwe mpaka usiku (Al-Baqara, 187), na usiku wa mtu ni wa mahali alipo. Kwa hiyo ndugu yetu alikula mchana. Hana dhambi kwa kukosea, lakini kwa kauli ya jamhuri ya wanavyuoni inamlazimu kulipa siku hiyo.

Na aliye angani asifuturu kwa adhana ya mji ulio chini yake maadamu analiona jua. Lakini aliyefuturu ardhini baada ya jua kuzama, kisha akapaa akaliona tena, wengi katika wanavyuoni wa zama zetu wamesema saumu yake imetimia.

Enyi maimamu, kalenda ya Dar es Salaam isibandikwe katika misikiti ya Kasulu na Kibondo bila kurekebishwa. Saumu ya mwezi mzima ni amana.

Wallahu a'lam.