Nauli ya Mtoni na Mahali pa Kulala

Baadhi yetu hapa Munuki huteremka Nile kwenda Bor au Malakal kuona jamaa. Kabla ya vita vya 1983 stima ya Juba na Kosti ilikuwa na madaraja matatu, na mwenye tikiti ya daraja la kwanza alipata chumba. Leo wengi husafiri juu ya tishari la mizigo, na chumba chenyewe ni turubai.

Basi usimlipe dalali wa kwanza. Nenda bandarini mwenyewe, uliza matishari mawili matatu, mkubaliane nauli pamoja na mizigo. Wako wanaotaja nauli ndogo, kisha gunia lako hutozwa kuliko wewe! Uliza pia siku za safari: kurudi Juba ni kupanda mkondo, chakula huisha njiani. Kwenye mabwawa ya Sudd, bila chandarua hulali.

Fika mapema uchague mahali. Kaa mbali na injini na mapipa ya mafuta, wala usijibane chini katikati ya mizigo. Mwaka 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na walionaswa ndani walizama nayo. Ndiyo maana nasema ulipe ukishaliona tishari. Maji yakikaribia ukingo wake, ngoja jingine.