Fahamu: Mkojo wa mwanariadha husomwaje maabara?

Oktoba 2025, Mkenya Ruth Chepngetich, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake, alifungiwa miaka 3. Kilichomponza ni dawa ya kawaida ya presha, haidroklorothiazaidi. Haimwongezei mtu mbio, ila humkojoza sana, na mkojo ukishazimuliwa, dawa nyingine huwa ngumu kuonekana.

Iligunduliwaje? Mwanariadha hukojoa mbele ya mkaguzi wa jinsia yake, angalau mililita 90. Mkojo hugawanywa katika chupa mbili, A na B, zikafungwa mbele yake.

Maabara, sampuli ya A husukumwa ndani ya bomba jembamba lililoshindiliwa chembe ndogo sana. Kila kemikali hupita humo kwa mwendo wake, kwa hiyo hutoka kwa zamu. Mlangoni husubiriwa na spektrometa, mashine inayozitia chaji ya umeme, kuzivunja na kupima vipande vyake. Kila dawa huvunjika kwa namna yake, na hapo ndipo hutambulika.

Kwa dawa hii, chini ya nanogramu 20 kwa mililita hairipotiwi, maana vidonge vingine huweza kuchafuliwa nayo kiwandani. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kwa Chepngetich zilikadiriwa 3,800. Hicho si kiwango cha uchafu wa kiwandani.

Chupa B hufunguliwa mwanariadha akipinga majibu, naye ana haki ya kushuhudia. Rekodi ya Chepngetich ya Chicago ya 2024, saa 2:09:56, haikufutwa, kwani aliiweka kabla ya sampuli yake kuchukuliwa Machi 2025.