Wodini au Ofisini? Somo la Kuchagua Kazi ya Hospitali

Wenye miwani vaeni miwani yenu, na daftari ziwe tayari. Mwalimu wa darasa ataandika ubaoni maneno matatu: muuguzi, katibu wa afya, leseni. Yasomeni kwa sauti mara mbili. Vema.

Wengi wenu ni wazazi. Mtoto amemaliza kidato cha nne, naye anataka kazi ya hospitali. Anauliza: nisomee uuguzi, au nisomee uongozi wa hospitali? Wengine kati yenu mnafanya kazi hospitalini, mnafagia wodi au mnasukuma vitanda, nanyi mnatamani kupanda daraja. Swali hili lawahusu pia. Leo tutalipima pande zote mbili.

Tuanze na muuguzi. Muuguzi ni yule anayekaa na mgonjwa. Hupima joto la mwili, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Huchoma sindano, hutoa dawa kwa saa yake, husafisha vidonda, na humwosha asiyeweza kujiosha. Hapa Tanzania wauguzi wengi ni wakunga pia. Hufanya kazi kwa zamu, maana ugonjwa haulali: iko zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku. Mgonjwa akikata roho, mara nyingi ni muuguzi anayemfumba macho, kisha hutoka nje kuwakabili jamaa.

Sasa tumtazame katibu wa afya. Hospitali huongozwa na mganga mfawidhi. Katibu wa afya humsaidia katika utawala. Husimamia mambo ya watumishi na likizo zao, bajeti, magari, majengo, ununuzi na majalada. Hachomi sindano wala hashiki mgonjwa.

Kwa hiyo watu husema kazi ya katibu ni ya raha. Je, ni kweli? Tutazame mfano mmoja.

Ni saa 8 usiku. Mama amejifungua, na damu haiachi kutoka. Mama huyu aweza kufa kabla ya mapambazuko. Mkunga anachukua dawa iitwayo oksitosini na kumchoma sindano. Dawa hiyo hukaza mji wa mimba, na damu hupungua. Hii ni kazi ya muuguzi: mikono yake, macho yake na akili yake wakati uleule.

Lakini tujiulize, dawa ile ilifikaje pale? Hospitali iliiagiza mapema kutoka Bohari ya Dawa. Ilitunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, maana joto huiharibu. Kwa hiyo friji ilikuwa nzima. Umeme ulipokatika, jenereta ilikuwa na mafuta. Kama mama angehitaji kupelekwa hospitali kubwa, gari lingekuwa tayari, na dereva yuko zamu. Mambo haya hayakujitengeneza. Wapo watu walioyaandika, wakayaombea fedha na kuyafuatilia, wiki nyingi kabla ya usiku ule.

Mama akipona, atamshukuru mkunga. Katibu hatamjua hata jina. Lakini kama jenereta haikuwa na mafuta na dawa ikaharibika, mama akafa, katibu naye ana sehemu katika kifo kile, ingawa alikuwa amelala nyumbani kwake.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Andikeni katika daftari: Muuguzi humhudumia mgonjwa anayemwona. Katibu humhudumia mgonjwa asiyemwona. Kazi zote mbili ni nzito, na kila moja yataka mtu wa namna yake.

Sasa sikilizeni mazungumzo ya mzee na binti yake.

BABA: Mwanangu, mimi nataka usomee kazi ya ofisi. Ukae kwenye kiti, ushike kalamu. Kuosha wagonjwa ni kazi gani hiyo?

BINTI: Baba, hata muuguzi hushika kalamu. Kila dawa anayoitoa huiandika, pamoja na kipimo na saa. Asipoandika, wa zamu inayofuata aweza kumpa mgonjwa dawa ileile mara ya pili.

BABA: Na usiku je? Ukiwa na watoto, nani atalala nao?

BINTI: Hapo umesema kweli, baba. Zamu za usiku ni ngumu. Nimezifikiria, nami sina jibu kamili bado.

BABA: Basi chagua ofisi.

BINTI: Nimeuliza kwanza jambo moja, baba. Nikianza na uuguzi, naweza kuhamia utawala baadaye? Wameniambia yawezekana, nikiongeza masomo. Lakini nikianza na utawala, siwezi kuingia wodini na kuchoma sindano.

Binti huyu ameuliza swali la maana. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, muuguzi lazima asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na awe na leseni. Aliyesomea utawala peke yake, akitaka uuguzi, hana budi kuanza mwaka wa kwanza. Muuguzi naye hahitaji kuuacha uuguzi ili aongoze. Aweza kuwa mfawidhi wa wodi, na baadaye muuguzi mkuu wa hospitali nzima.

Tena historia yatuonyesha kwamba mtu mmoja aweza kuzifanya kazi zote mbili. Mwaka 1854 Mwingereza Florence Nightingale alikwenda Uturuki na wauguzi 38 kuwatunza askari waliojeruhiwa vitani. Alikuta uchafu, na chakula na nguo havitoshi. Aliwauguza askari, lakini pia alitengeneza jiko na dobi, akatunza hesabu ya vifaa. Baada ya vita alitumia hesabu za vifo kuonyesha kwamba askari wengi waliuawa na maradhi kuliko majeraha. Mwaka 1860 shule ya wauguzi ilifunguliwa kwa jina lake mjini London.

Lakini tahadhari. Asiingie mtu katika uuguzi kama anayepanda ngazi tu, macho yake yakiwa ofisini tangu siku ya kwanza. Mgonjwa huona upesi kama anayemhudumia hamtaki. Tena muuguzi hodari akihamia ofisini, wodi yapungukiwa na mikono yake. Wala uhodari wa kufunga kidonda si uhodari wa kupanga bajeti. Mtu asione haya kubaki wodini mpaka kustaafu.

Na masomo je? Kwa uuguzi, kijana awe amefaulu kidato cha nne, yakiwamo masomo ya baiolojia, kemia na fizikia. Astashahada huchukua miaka 2, stashahada miaka 3. Shahada ya uuguzi katika Chuo Kikuu cha Muhimbili huchukua miaka 4. Kwa utawala njia ni nyingine. Kwa mfano, Chuo Kikuu cha Mzumbe, mkoani Morogoro, hufundisha shahada ya uongozi wa mifumo ya afya. Kabla ya kulipa ada popote, ulizeni kama chuo kimesajiliwa na serikali.

Mzazi, usimchagulie mtoto kwa kutazama kiti. Mwulize haya, naye ajibu mwenyewe:

1. Ukiona damu au kidonda kinachonuka, wakimbia au wasogea kusaidia?
2. Ukipewa fedha za watu na daftari la hesabu, waweza kukaa nazo mwaka mzima bila kupotea hata shilingi?
3. Waweza kukesha, na asubuhi ukazungumza na watu kwa upole?
4. Waweza kufanya kazi njema ambayo hakuna atakayekushukuru?

Anayejibu ndiyo katika la kwanza na la tatu, na asomee uuguzi. Anayejibu ndiyo katika la pili na la nne, utawala wamfaa. Anayejibu ndiyo kwa yote na bado ana shaka, na aanze wodini, kwa kuwa njia ya kutoka wodini kwenda ofisini ipo, na ya kurudi ni ndefu.

Sasa kazi ya darasa. Gawanyikeni vikundi viwili. Kikundi cha kwanza kimtetee baba, cha pili kimtetee binti. Mjadiliane hasa juu ya zamu za usiku, kwa kuwa hapo baba ana hoja. Kisha kila mtu aandike sentensi tano: kama mtoto ni wangu, ningemshauri nini, na kwa nini.

Kwaherini, hata somo lijalo.